Kocha wa kupaki basi: raha au kombe?

Msikilizaji, klabu inapomwajiri kocha anayesifika kwa ulinzi, yaani kupaki basi, vijiwe huchemka. Kwa nini suala hili likuhusu? Kwa sababu kiingilio unalipa wewe, iwe uwanjani au kibanda umiza, na unataka raha.

Kwa upande mmoja, ngome imara huleta makombe. Msimu wa 2004/05, Chelsea ya José Mourinho ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 38 za ligi, ikatwaa ubingwa.

Kwa upande wa pili, Mourinho huyohuyo alikabidhiwa Tottenham mwaka 2019, akatimuliwa Aprili 2021 bila kombe, mashabiki wengi wakilalamikia soka la kujihami.

Swali ni hili: raha ikikosekana na kombe lisije, shabiki amdai nani, kocha au waliomwajiri?