Maumivu, Huzuni na Nguvu za Mwili kwa Wazee Wanaoishi na VVU
Mada kwa watoa huduma wa vituo vya tiba na matunzo (CTC)



Tanzania ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004. Aliyeanza dawa wakati huo akiwa na miaka 40 leo amevuka 60. Kadi yake haina doa: virusi viko chini, miadi haikosi. Tunampa dawa za miezi mitatu au sita, tunaagana. Lakini kipimo cha wingi wa virusi hakisemi kama mzee huyu analala usiku, ana hamu ya kula, au anainuka chooni bila kushikwa mkono. Hoja yangu ni kwamba maumivu, huzuni na udhaifu wa mwili huchocheana, hivyo viulizwe pamoja, siku ileile.

1. Maumivu

Wengi hulalamikia nyayo: zinawaka moto, zinachoma au zimekufa ganzi. Huenda chanzo ni VVU vyenyewe, au kisukari. Huenda ni isoniazidi ya kukinga kifua kikuu iliyomezwa bila vitamini B6. Huenda ni stavudini, ARV ya zamani ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe. Dawa hiyo imeachwa, lakini mishipa ya fahamu iliyoumia haikupona yote.

Mzee asiyesikilizwa kituoni hujitibu dukani. Akimeza diklofenaki kila siku juu ya tenofovira iliyomo kwenye ARV zake, anahatarisha figo ambazo umri umeshazipunguzia nguvu.

2. Huzuni

Ni wachache watakaokwambia wana sonona. Utasikia mawazo yamezidi, mwili mzito, usingizi hauji. Maumivu yanamkeshesha mzee, kukesha kunamvunja moyo, na aliyevunjika moyo huumwa zaidi. Wengine wanalea wajukuu yatima wasiojua bibi anameza dawa gani, kwa hiyo hata kidonge humezwa kwa kujificha.

3. Nguvu za mwili

Anayeumwa miguu hushinda amekaa. Misuli inasinyaa, na siku akiharakisha anaanguka. Kumpima hakuhitaji mashine. Mkalishe kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano huku umemkaribia. Akizidi sekunde 15, misuli imedhoofika. Mazoezi ya miguu na lishe yenye protini vianze.

Mapendekezo

Ukisema, "Shikamoo bibi, unaendeleaje?" utajibiwa, "Marahaba mwanangu, sijambo, ni uzee tu." Mazungumzo yameishia hapo. Tuulize hivi:

- Bibi, ni wapi panauma, na panakuzuia kufanya nini?
- Wiki mbili hizi, umekosa raha au hamu ya mambo unayoyapenda?
- Umeanguka tangu tulipoonana?

Kisha tumwombe aje na dawa zote anazotumia, za dukani na za mitishamba, azimwage mezani. Tuangalie figo na sukari kabla ya kuandika dawa nyingine. Amitriptilini huweza kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, lakini kwa mzee ianze kwa dozi ndogo, jioni, kwa kuwa huleta kizunguzungu.

Kwa majadiliano

Kituoni kwako, nani atauliza maswali haya: muuguzi au mshauri rika? Na majibu ya mzee kwa yote matatu yakionyesha tatizo, siku hiyohiyo atapelekwa kwa nani?