DAKTARI WA MAPAFU NA SWALI LAKE



Leo nasema juu ya daktari wa mapafu, maana wengi humwogopa. Watu husema, "Ukipelekwa kwake, kazi imekwisha." Hofu hiyo humfanya mtu afiche kikohozi mpaka ateme damu.

Daktari huyu ni nani? Ni mtu aliyesoma udaktari wote, kisha akaongeza miaka ya kujifunza kifua. Husikiliza pumzi, hutazama picha ya eksirei, huagiza makohozi yapimwe, na hukupa mrija upulize kwenye mashine aone nguvu ya mapafu yako. Lakini chombo chake kikubwa ni swali moja: "Unafanya kazi gani?" Mwaka 1700 mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya mafundi, akawataka waganga wenzake wamwulize mgonjwa swali hilo.

Kwa nini aulize? Kwa sababu vikohozi hufanana. Mchonga mawe aliyevuta vumbi miaka mingi, na mtu mwenye kifua kikuu, wote wawili hukohoa na kukonda. Tena vumbi la mawe hukifungulia kifua kikuu mlango. Basi mwambie kweli: nachonga mawe, nalehemu, napiga rangi, nasokota pamba. Ukisema "mimi kibarua tu," umemfunga macho.

Kifua kikuu kinapona. Zamani dawa zilitumiwa mwaka na nusu au zaidi. Majaribio ya Afrika Mashariki, yaliyofanywa pamoja na watafiti wa Uingereza na kutangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba miezi 6 yaweza kutosha. Wagonjwa wa nchi zetu walisaidia kuifungulia dunia njia hiyo. Siku hizi dawa hutolewa bure katika zahanati za serikali. Lakini usiziache mwezi wa pili kwa kuwa umepata nafuu. Vijidudu vilivyobaki vyaweza kuwa sugu, dawa isivishinde tena.

Kovu la vumbi la mawe, ndugu zangu, halina dawa ya kuliondoa. Hulizuiwa mapema: maji juu ya jiwe, mashine ya kuvuta vumbi, kinga ya pua na mdomo. Sheria ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini inamtaka tajiri awalinde watu wake. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inahesabu pia magonjwa yaletwayo na kazi. Lakini fidia hutaka ushahidi, na ushahidi ni karatasi ya daktari. Anayeficha kikohozi hajalinda kazi yake. Amemsaidia tajiri asilipe.

Basi ukikohoa majuma mawili, nenda ukapimwe. Ukiogopa kufukuzwa, mwone kwanza katibu wa tawi lako, chama kijue mapema. Mtaji wa mfanyi kazi ni pumzi yake.

Umoja ni nguvu.