Nanga na Ufuko: Msamiati wa Kungojea Upepo katika Ziwa Nyasa



Mnamo mwaka 1861, David Livingstone, ndugu yake Charles, na Dkt. John Kirk walisafiri kwa mashua ndogo kandokando ya ufuko wa magharibi wa Ziwa Nyasa. Asubuhi moja ziwa lilichafuka ghafla. Kwenda mbele hakukuwezekana, wala kurudi; na kukimbilia nchi kavu kungekuwa kuivunja mashua katika mawimbi ya ufukoni. Wakatia nanga umbali wa maili moja hivi kutoka nchi kavu, katika kina cha pima saba, wakayakabili mawimbi kwa muda wa saa sita. Mawimbi yalikuja matatumatatu. Watu waliosimama juu ya magenge walikwisha kuwahesabu kuwa wafu.

Baada ya siku hiyo wasafiri hao waliacha kuitegemea nanga. Kila jioni waliipandisha mashua ufukoni, na mara nyingi walikaa nchi kavu siku kadhaa wakingoja mawimbi yatulie. Aliyewashauri hivyo alikuwa baharia wao John Neil, aliyepata kuwa mvuvi katika pwani ya Ireland.

Kisa hiki kina funzo kwa mwanaisimu. Kungoja hali mbaya ya hewa ni jambo moja baharini na jambo jingine ziwani, ilhali msamiati wa Kiswahili sanifu juu ya jambo hilo umetoka baharini.

Neno nanga lenyewe huhusishwa na Kiajemi, lugha ya mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi karne nyingi. Pamoja nalo yapo maneno amari, omo, shetri, joshi na demani. Juu ya yote zipo pepo mbili kuu, kaskazi na kusi, ambazo ndizo zilizozaa majina ya pande za dunia: kaskazini na kusini. Mtoto wa shule ya Kyela anapoandika katika daftari lake kwamba Malawi iko kusini, anataja, pasipo kujua, upepo wa majahazi ya Unguja na Lamu. Katika mwambao huo, nahodha aliyekutwa na kusi kali ya mwezi Juni aliweza kujificha nyuma ya kisiwa au mwamba, akatia nanga, akangoja. Ndiyo maana nanga imekuwa ishara ya usalama, na magazeti husema mashindano “yameng’oa nanga” yanapoanza.

Ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa una maumbile mengine. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, nalo limelala kaskazini-kusini ndani ya Bonde la Ufa. Upepo utokao kusini na kusini-mashariki, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, hupata nafasi ya kuyasukuma maji kwa urefu huo wote, na mawimbi hukomea katika tambarare ya Kyela. Mashariki, kuanzia Matema, milima ya Livingstone huangukia majini kwa mteremko mkali. Kwa hiyo, katika msimu ambao chombo kinahitaji nanga zaidi, kaskazini ya ziwa ndiko kwenye kinga haba. Chombo kilichotia nanga hapo kina upepo usoni na nchi kavu mgongoni. Amari ikikatika, hakuna nafasi ya kujiokoa.

Neno pwani laonyesha tofauti hiyo kwa uwazi zaidi. Limejengwa kutokana na kitenzi -pwa, yaani maji kupungua na kutoka, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kutokana na kitenzi hichohicho tumepata kupwelea na kupweleza: chombo huachwa na maji kikakaa juu ya mchanga. Baharini kazi hiyo hufanywa na maji yenyewe. Ziwa Nyasa halina kupwa na kujaa kwa kuonekana; mtumbwi haupwelezwi, bali huburutwa kwa mikono ya watu.

Si suala la kamusi peke yake. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, mafundi wa vyungu, husafirisha kazi yao kwa mitumbwi hadi upande wa Matema. Chungu hakivumilii wimbi, wala mtumbwi uliosheheni vyungu hauwezi kugeuzwa kwa haraka. Kwao kuamua kutoka au kungoja ni kuamua kati ya hasara ya siku moja ya soko na hasara isiyofidika. Hata baada ya meli ya MV Mbeya II kuanza kazi mwaka 2021, mtumbwi haukuondoka katika maisha ya ufuko huo.

Sasa tangazo la hali ya hewa likisema “upepo wa kusini”, msikilizaji aelewe nini? Kihusishi -a chaweza kumaanisha upepo utokao kusini, na chaweza pia kumaanisha upepo ulioko kusini, mbali naye. “Upepo unaovuma kutoka kusini” hauna utata huo. Silabi chache zaidi zaweza kumbakiza mtu ufukoni.

Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, lugha ilirithi bahari iliyokamilika, pamoja na pepo zake na nanga zake. Urithi huo ni wa thamani na hauhitaji kupunguzwa. Kinachohitajika ni kuuongezea. Wanafunzi wa isimu waende Kyela, Matema na Ikombe, wayakusanye kwa Kinyakyusa, Kikisi na Kiswahili cha hapo maneno ya pepo, ya rangi ya maji, ya wingu linaloshuka mlimani, na ya kule kungoja kwenyewe. Na kila neno liandikwe pamoja na mwezi na mahali linapotumika. Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Lugha ya taifa isimlazimishe mvuvi wa Nyasa kusafiria upepo wa Unguja.