Mbegu Juu ya Mawe ya Volkano



Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka ndani ya Goma. Ulipopoa, tuliona mawe meusi tu, tukasema: hapa hapataota kitu tena. Lakini vumbi na mvua vikajaza nyufa. Upepo ukaleta mbegu nyepesi zenye manyoya. Ndege wakaangusha zile walizomeza pamoja na matunda. Miaka ikapita, maua yakachanua juu ya mawe yale.

Wengi wetu tumetawanywa na vita. Hatusemi vita ni baraka, hapana. Waamini wa Matendo ya Mitume 8 nao walikimbia mateso, wakilia kwa ajili ya Stefano. Lakini Neno lilikimbia pamoja nao, na Filipo akalihubiri Samaria.

Mbegu haichagui upepo. Hubeba chakula kidogo ndani yake, na ufa mmoja unaitosha kuanza. Ndugu uliye kambini, dada unayelala kwa watu, Neno liko ndani yako. Anza na jirani mmoja: omba naye leo.

Mungu awabariki. Amina.