Damu Hutuambia Nani Asisubiri



Mgonjwa akiletwa kituoni ameshika tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, ana homa na anatapika, ni rahisi kusema ni vidonda vya tumbo. Huenda ni kibofu cha nyongo kilichovimba, mara nyingi kwa sababu jiwe limeziba njia yake. Altrasaundi huonyesha jiwe na uvimbe. Lakini ili tujue hatari imefika wapi, tunahitaji pia kupima damu.

Mwongozo wa Tokyo wa mwaka 2018 huupanga ugonjwa huu katika ngazi tatu. Chembe nyeupe za damu zikizidi 18,000 katika milimita moja ya ujazo, tumefika ngazi ya pili. Chembe sahani zikishuka chini ya 100,000, au kreatinini ikizidi miligramu 2 kwa desilita, ni ngazi ya tatu: viungo vingine vimeanza kushindwa kazi, na mgonjwa asingojee kituoni hadi kesho. Protini ya CRP ikipanda husaidia kutambua uvimbe, ila peke yake haitoi ngazi.

Ndugu zetu, mashine bila vitendanishi ni pambo. Tunapopanga bajeti, tusiishie kwenye majengo. Tutenge fungu la vitendanishi na fungu la mafuta ya gari la wagonjwa, kwa maana majibu ya damu hayamfikishi mtu kwa daktari wa upasuaji.