HAJA YETU YA WANASHERIA, NA NJIA YA KUWAPATA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama



Tumetakiwa tuseme maneno machache juu ya elimu. Ada ya mambo ni kwamba likitajwa neno elimu, fikra za watu huenda kwenye skuli za watoto. Na hilo ni jambo jema, wala hatulipuuzi. Lakini leo twataka kusema juu ya elimu ya mtu mzima, na khasa elimu moja, nayo ni elimu ya sheria. Tena ya sheria isomwayo na mtu mwenye kazi yake na watoto wake, asiyeweza kufunga duka au kuacha jembe akakae chuo kikuu miaka mitatu au minne.

Kwanza tuulizane: chama kisichotawala kina silaha gani? Hakina polisi, hakina hazina, wala hakina redio ya Serikali. Silaha zake ni mbili tu, nazo ni hoja na sheria. Mwenye kutawala akikosea kifungu, ana wengi wa kumhifadhi. Sisi tukikosea kifungu, mkutano huzuiwa. Mgombea huenguliwa kwa fomu iliyojazwa vibaya. Shauri hutupwa kwa kuwa limefika siku moja baada ya muda kwisha. Wala hatutakuwa na wa kumlalamikia, kwa kuwa muda uliandikwa, na sisi hatukusoma.

Tuchukue mfano unaojulikana na kila mtu hapa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1997 walikamatwa wanachama wa Chama cha Wananchi, CUF, hata wakafika watu 18, wakashtakiwa kwa uhaini. Na uhaini ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo, wala mshtakiwa hana dhamana. Wakakaa rumande hata mwaka 2000. Mwezi wa Novemba mwaka huo mashtaka yakaondolewa, wakatoka. Na mwezi huohuo Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17, ikatoa hukumu kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa sababu uhaini hutendwa dhidi ya dola, na dola hapa ni Jamhuri ya Muungano.

Wengi wetu tulifurahi tuliposikia hukumu ile, na ilistahiki kufurahiwa. Lakini tuipime tena, kama tupimavyo kitu katika mizani, kwa kuangalia pande zote mbili. Upande mmoja hukumu ile iliwatoa watu katika kivuli cha kitanzi. Upande wa pili ilitamka kwamba Zanzibar si dola. Neno lile lile lililowapa nafuu ndugu zetu ni neno linalowauma wengi miongoni mwetu. Kisha mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikafanyiwa marekebisho ya kumi, na kifungu chake cha kwanza kikasema kwamba Zanzibar ni nchi. Je, nchi na dola ni kitu kimoja? Ni wangapi katika sisi waliokaa wakazisoma karatasi zote mbili, hukumu na marekebisho, wakaweza kumweleza kijana tofauti yake bila ya kupandisha sauti? Ndiyo maana ya kusema kwamba haja yetu ya wanasheria ni kubwa.

Na mfano wa pili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 41(7), inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hapana mahkama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi huo. Wakili mmoja wa Kitanzania, Jebra Kambole, alilipeleka jambo hilo katika Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Na mwezi wa Julai 2020 mahkama hiyo ikaamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Huko nyuma, Novemba 2019, Serikali ilikwisha kutangaza kuiondoa ile ridhaa yake iliyompa mwananchi mmoja mmoja haki ya kwenda katika mahkama hiyo moja kwa moja, na kuanzia Novemba 2020 njia hiyo ikafungwa. Basi aliyeujua mlango aliingia ulipokuwa wazi. Aliyekuwa akipiga kelele nje ya ukuta alikuja kuambiwa kwamba hapo palikuwa na mlango.

Sasa atasimama mtu aseme: haya yote ni kweli, lakini sheria ni ya watoto waliokwenda chuo kikuu, na sisi wa maduka, wa ngalawa na wa mashamba hatuna sehemu yetu humo. Neno hili si la kweli, na tarikhi yalikanusha.

Mtazameni Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Aliingia Johannesburg mwaka 1941, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili. Mchana alikuwa karani. Usiku alikuwa mwanafunzi katika kitongoji cha Alexandra, mahali pasipokuwa na umeme. Shahada yake ya kwanza aliimaliza kwa masomo ya posta. Kisha akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kusoma sheria, huku akifanya kazi na huku akiingia katika siasa. Na mitihani ya mwisho hakufaulu, akatoka bila ya shahada ya sheria. Je, alirudi nyuma? Sheria ya nchi ile iliruhusu njia nyingine: mtu kutumikia ukarani chini ya wakili kwa muda uliowekwa, na kufanya mtihani wa kuingilia uwakili. Akaishika njia hiyo, na mwaka 1952 akawa wakili. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo yeye na Oliver Tambo, aliyekuwa mwalimu wa skuli naye akasoma sheria huku akifanya kazi, wakafungua ofisi yao mjini Johannesburg. Watu weusi waliokamatwa kwa kukosa pasi, au waliotolewa katika nyumba zao, walijaa mlangoni hata ngazini. Na ile shahada ya sheria iliyomponyoka ujanani, Mandela aliipata mwaka 1989 kwa masomo ya posta, akiwa amepindukia miaka 70, na akiwa bado mfungwa.

Au mtazameni Abraham Lincoln wa Marekani. Huyu alikuwa mwenzetu wa duka. Jumla ya muda aliokaa skuli katika uhai wake haikufika mwaka mmoja. Alifungua duka kwa ubia katika kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois. Duka likafa, naye akabaki na madeni ambayo aliyalipa kwa miaka mingi. Vitabu vya sheria aliviazima kwa wakili wa mji wa Springfield, umbali wa maili kama 20, sawa na mtu atokaye Mjini hata akakaribia kufika Mkokotoni. Mwaka 1836 akapewa idhini ya uwakili, na mwaka 1861 akawa Rais wa nchi yake.

Wala msidhani kwamba hayo ni mambo ya kale yaliyokwisha. Jimbo la California, huko huko Marekani, lina kanuni inayomruhusu mtu kusoma sheria katika ofisi ya wakili au ya hakimu badala ya kwenda chuo cha sheria. Muda wake ni miaka 4. Kila wiki asome saa 18. Afanye mtihani kila mwezi, na mwisho akae na wenziwe wa vyuo katika mtihani mmoja wa uwakili. Tuzihesabu saa hizo 18. Ni saa 3 kwa usiku mmoja, kwa siku 6 za wiki. Kwa hisabu yetu ya hapa ni baada ya sala ya Isha, kuanzia saa mbili ya usiku hata saa tano, na usiku mmoja wa kupumzika. Saa hizo kila mmoja wetu anazo. Wengine huzitumia kwa bao, wengine kwa kahawa na mazungumzo ya barazani, wengine kwa simu ya mkononi. Hatukatazi mazungumzo, twasema tu kwamba saa zipo.

Na sisi watu wa visiwa hivi hatuna haja ya kufundishwa na Marekani jinsi ya kusoma nje ya chuo kikuu. Fiqhi yetu, mirathi yetu na hukumu za ndoa zetu zimesomwa kwa vizazi vingi misikitini na majumbani, mbele ya shekhe mmoja na kitabu kimoja, na watu waliokuwa na kazi zao za mchana. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli za Serikali hapa Unguja, na elimu ya dini aliipata kwa kukaa mbele ya mashekhe katika darsa. Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuna aliyemuuliza darsa zile zilikuwa na bweni au hazikuwa nalo.

Tena sisi tuliopita chuoni, tulioandika kwa wino juu ya ubao, twaijua siri ya elimu. Siri yake ni kidogo kila siku, na kurejea. Mtoto hahifadhi juzuu nzima kwa siku moja. Huhifadhi aya chache, akamsomea mwalimu, akakosolewa, na kesho akaanza kwa kurejea za jana. Sheria nayo husomwa hivyo hivyo. Kifungu kimoja, maana yake, shauri moja lililoamuliwa kwa kifungu hicho. Kisha mweleze mwenzako, naye akupinge. Mwenye kusoma kwa pupa usiku wa kuamkia mtihani husahau kabla ya kutoka chumbani.

Lakini, ndugu zetu, ni haramu kumdanganya kijana. Njia ya Mandela na ya Lincoln, ya kuwa wakili bila ya shahada ya sheria, hatuwezi kumwahidi mtu hapa kwetu. Nchini Tanzania leo anayetaka uwakili huanzia shahada ya sheria, na kwa upande wa Bara huongezea mafunzo ya Shule ya Sheria, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Njia ya mtu mwenye kazi ni kuipata shahada hiyo bila ya kuhamia chuoni. Kwa ajili hiyo kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho hufundisha kwa masafa, sheria ikiwa miongoni mwa masomo yake, na kina vituo Unguja na Pemba. Mwenye duka atachukua miaka 6 au 7 pale ambapo mwenye nafasi huchukua 3 au 4. Na iwe hivyo. Miaka 7 itapita tu, tukisoma au tusisome.

Na asiyeweza safari hiyo ndefu, iko safari fupi yenye faida kubwa, nayo ni ya msaidizi wa sheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimewafundisha wasaidizi wa sheria katika shehia. Hawa hawawi mawakili; lakini humwandikia mjane barua yake, humwonyesha mtu mahkama inayohusika na shauri lake, na humzuia asitie saini karatasi asiyoielewa.

Basi twapendekeza mambo manne.

La kwanza, kila tawi liwe na nakala ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, na ya Sheria ya Uchaguzi, pamoja na marekebisho yake yote. Zisomwe kwa sauti usiku mmoja wa kila wiki, kifungu kwa kifungu.

La pili, kila tawi lichague watu wawili wa kusoma, na mmoja wao awe mwanamke. Kwa sababu mashauri ya talaka, ya matunzo na ya urithi yamejaa wanawake ambao huona haya kumsimulia mwanamume mambo yao.

La tatu, ada ya mitihani ya watu hao wawili ilipwe na tawi. Sisi wenye maduka tuanze. Tukitoa kidogo kila Ijumaa, ada itapatikana bila ya mtu kuhisi uzito.

La nne, na hili ndilo zito, tuwaache wasome. Tusimwite mwanafunzi katika kila mkutano na kila msafara, kisha tukamlaumu akianguka. Na akishasoma, tumsikilize. Kwani mwanasheria wa kweli siku moja atasimama mbele yetu aseme: shauri hili hatuna haki nalo, msilipeleke, au, kosa hili ni letu, si la Serikali. Siku hiyo watakuwapo watakaomwita msaliti. Tukimnyamazisha, tutakuwa tumelipa ada ya miaka 7 ili tununue mtu wa kutupigia makofi, na wapiga makofi tunao wa kutosha bila ya malipo.

Wazee wetu waliidai haki yao kwa kalamu na karatasi katika siku ambazo wenye kujua kusoma walikuwa wachache kuliko leo. Sisi tunaojua kusoma hatuna udhuru. Usiku wa leo baada ya mkutano huu tutaacha daftari juu ya meza. Anayetaka kuanza aandike jina lake kabla hajatoka.