Kusoma Alama za Mshipi na Ndoana

Leo namwomba mwalimu wenu aandike ubaoni alama nne, kisha akae kitako pamoja nanyi. Aandike hivi: 0.80 mm. Chini yake aandike 40 kg. Chini yake tena, 40 lb. Na mwisho aandike 5/0.

Alama hizi hamtazikuta katika kitabu cha kusomea. Mtazikuta dukani, pale mtakapokwenda kununua mshipi wa kuvulia na ndoana. Wengi wenu ni wavuvi, na nyinyi msiovua mna mume au ndugu anayevua. Basi sikilizeni habari hii.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, mjomba wangu alikuwa akivua kwa mshipi. Chombo chake kilikuwa ngalawa, na samaki aliyempenda kuliko wote ni chewa. Mjomba hakujua kusoma. Siku moja alitaka mshipi mpya wa kilo 40, akanichukua mimi, msomi wake, twende dukani. Fedha alizikopa kwa mchuuzi wa samaki. Mwenye duka akashusha kigurudumu cha mshipi, mjomba akaushika uzi, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akasema, "Mbona nauona mwembamba?" Nami nikatazama karatasi iliyobandikwa, nikaona 4 na 0. Nikasema kwa sauti, ili watu wote dukani wanisikie, "Arubaini, mjomba!" Akalipa.

Siku ya tatu alikwenda nje ya mwamba, kina cha pima ishirini. Chewa akala. Mjomba akavuta, samaki akavuta kurudi tunduni kwake, na mshipi ukakatika. Haukukatika kwenye fundo, wala haukukatwa na jiwe. Ulikatika katikati, mahali pazima. Mjomba akarudi na kidole kilichochanika, na deni lake pale pale. Alilipa kwa samaki wa majuma mawili.

Ile karatasi alikuwa ameihifadhi. Nikaipeleka kwa mwalimu wangu, akaniuliza, "Namba umeisoma. Na hizi herufi mbili?" Nilikuwa sikuzitazama. Zilikuwa lb.

Basi tazameni ubaoni. Herufi kg ni kilo. Herufi lb ni ratili. Ratili moja haifiki nusu ya kilo; ni kilo 0.45 hivi. Zidisheni 40 kwa 0.45, mtapata 18. Mjomba alitaka mshipi wa kilo 40, nami nikamnunulisha wa kilo 18. Kidole chake kilijua, ila aliniamini mimi kwa kuwa nilikuwa nimesoma.

Sasa alama ya kwanza, 0.80 mm. Huu ni unene wa uzi. Milimita moja ni nafasi ndogo kabisa iliyopo kati ya alama mbili zinazofuatana za rula yenu, na 0.80 ni pungufu kidogo ya hapo. Watu wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba mshipi wa 0.80 una nguvu mara mbili tu ya ule wa 0.40, kwa kuwa unene ni mara mbili. Sivyo. Chukueni vijiti vinne vya kiberiti, mvifunge pamoja, viwili juu na viwili chini. Fungu hilo lina upana wa vijiti viwili tu, lakini ndani mna vijiti vinne. Na uzi ni hivyo hivyo: ukizidi unene mara mbili, nguvu huzidi karibu mara nne. Kwa hiyo tofauti ndogo ya namba, kama 0.50 na 0.60, si ndogo mkononi.

Uzi mwembamba una faida yake. Samaki hauoni upesi, na mkondo wa maji hauusukumi sana. Lakini kwa mtu anayevuta kwa mikono mitupu, mimi huona heri unene uzidi kidogo, maana uzi mwembamba hukata vidole. Wavuvi wengine hujifunga vidole kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na hiyo ni akili nzuri.

Yako mambo mawili ambayo karatasi haiyasemi. Fundo hupunguza nguvu ya mshipi. Kwa hiyo lilowesheni kwa maji au mate kabla ya kulikaza, kwa kuwa nailoni ikikazwa kavu hupata moto na kuungua. Tena jua huila nailoni polepole. Mshipi uliotundikwa juani dukani mwaka mzima si ule ulioandikwa kwenye karatasi, hata kama karatasi bado inang'aa. Kata pima moja, uvute, uone.

Urefu nao uangaliwe. Huandikwa m, yaani mita, au yds, yaani yadi. Wavuvi wetu huhesabu kwa pima, na pima ya baharini ni yadi mbili kamili. Yadi 100 basi ni pima 50. Mita 100 ni karibu pima 55. Anayevua kwenye kina cha pima ishirini hatajali sana. Anayevua nje, kwenye maji marefu na mkondo mkali, pima hizo tano atazitafuta.

Walio karibu na wageni wanaovua kwa ufito wenye gurudumu, kama kule Malindi na Watamu, watakuta alama hizi hizi. Gurudumu jema huandikwa unene wa uzi na urefu unaoingia ndani yake. Na breki yake, ile inayomzuia samaki asiondoke na uzi wote, nguvu yake hutajwa kwa kg au lb. Kosa langu la dukani laweza kurudiwa hata huko, kwa fedha nyingi zaidi.

Imebaki 5/0, alama ya ndoana. Ndoana zimefanya ukaidi. Namba tupu zikikua, ndoana huwa ndogo: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na 6 ni ndogo kuliko 1. Lakini ukiona mstari wa mshazari na sifuri, mambo hugeuka. Hapo 2/0 ni kubwa kuliko 1/0, na 5/0 ni kubwa kuliko 2/0. Tena watengenezaji hawafanani, 5/0 ya huyu yaweza kuzidi 5/0 ya yule. Basi soma, kisha ipime kwa jicho. Ncha yake iburure taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikinasa, ni kali. Ikiteleza, inoe au iache.

Ukivua nguru, kati ya ndoana na mshipi tia waya. Meno yake ni mkasi, wala hayaulizi kilo ngapi.

Sasa kazi ya darasa. Dukani mna mishipi miwili ya bei moja. Wa kwanza umeandikwa 0.70 mm, 100 m, 60 lb. Wa pili umeandikwa 0.70 mm, 100 yds, 30 kg. Andikeni upi wenye nguvu zaidi, na upi mrefu zaidi. Kisha kila mtu aandike angechukua upi, na anavua wapi. Majibu hayatakuwa mamoja, msigombane.

Mpaka juma lijalo. Kwaherini.